Tupeane uzoefu: watoto wa chekechea kuja kucheza nyumbani kila Jumamosi

Habarini wazazi wenzangu, hasa mlioko Dodoma.

Tangu Serikali ianze kuhamia huku, mitaa kama Ilazo, Kisasa na Iyumbu imejaa familia kama yetu. Baba na mama wako kazini, ndugu wamebaki Dar, Mwanza au Moshi, na mtoto anashinda ndani ya geti na dada wa kazi na televisheni. Zamani mtoto alitoka tu nje akakuta wenzake. Wangu ana miaka minne, akitoka nje anakutana na ukuta wa jirani.

Ndiyo maana kila Jumamosi, saa tatu asubuhi hadi saa tano na nusu kabla jua halijawa kali, watoto wa majirani na wenzake wa chekechea wanakuja kwetu. Ninachokiamini ni kwamba jambo hili linadumu pale tu mtoto asipopokewa kama mgeni. Ukishapika pilau na kununua soda, baada ya muda mfupi umechoka, na jirani anaogopa kuwaita wako kwake kwa sababu hana uwezo huo. Kwetu ni uji wa lishe kwenye chupa ya chai na vikombe vya plastiki, basi. Mtoto akifika anaamkia, anavua viatu, anaenda kucheza.

Na wala sinunui midoli. Mafundi walipomaliza ukuta lilibaki rundo la mchanga pembeni ya uani, nikawaomba waliache. Hapo pana vikopo vya maziwa, vijiko vikuukuu, visoda na lori moja la plastiki. Juzi walichimba reli kuzunguka mpapai, treni ya umeme ya kwenda Dar, mmoja akawa anakata tiketi za majani na hakuna aliyeruhusiwa kupanda bila jani. Jioni nalifunika rundo hilo kwa turubai, maana paka wa mtaani wakiliona watalifanya choo.

Nyie mnafanyaje? Hasa ugomvi wa midoli, na wazazi wanaomwacha mtoto getini na kuondoka.

Baba wa Kisasa
Mleta mada, hongera. Sisi Ijumaa usiku tunakaa na binti yetu, anachagua vitu viwili vya kufungia chumbani kwetu. Vinavyobaki ni vya wote. Mtoto wa miaka mitatu kugawana bado kunamwia vigumu, na kumlazimisha mbele ya wenzake naona ni kumwonea. Kilio cha "changu!" kimepungua sana.

Pia wakigombana siwaingilii haraka, ila nakaa karibu. Wawili waling'ang'ania beseni, kila mmoja upande wake, machozi yanawalenga, mpaka yule mdogo akasema, "Wewe weka maji, mimi nikoroge." Wakakoroga tope hadi muda wa kuondoka. Ningewahi kulichukua lile beseni, nisingeyaona hayo.

Mama wa Nkuhungu
Dada, wengine tuna vyumba viwili vya kupanga na uwanja wa wapangaji wote, lakini inawezekana. Niliongea kwanza na wapangaji wenzangu, maana kelele ni zao pia, na siku hiyo kamba za nguo zinaachwa wazi. Natandika mkeka kivulini.

Mzazi anayekuja mara ya kwanza namwambia abaki. Simwandalii chochote, nampa ungo tuchambue mchele pamoja tukiongea. Mchele ukiisha nimeshajua mtoto wake analala saa ngapi, anaogopa nini, kipi kinamdhuru tumboni. Asiyetaka kukaa hata siku ya kwanza, mtoto wake simpokei. Linanipa lawama, lakini silibadilishi.

Muuguzi, Miyuji
Naomba niongeze la usalama, kwa sababu kwetu huku msimu wa zabibu ukifika kila nyumba ina bakuli mezani. Zabibu nzima inaweza kuziba kabisa koo la mtoto mdogo. Kwa walio chini ya miaka mitano, ikate kwa urefu vipande vinne. Karanga nzima msiwape kabisa. Sagieni kwenye uji. Na wale wakae chini, si huku wanakimbia.

La pili ni maji. Mgao umetuzoesha kujaza ndoo na majaba. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji machache tu ndani ya ndoo, na hapigi kelele. Kabla hawajafika, funika yote, yaliyo wazi yamwage kwenye miche.

Na milango ya vyumba ibaki wazi. Wacheze mahali mtu mzima anapowaona, na wa kuwapeleka chooni awe mtu mzima mmoja, anayejulikana.

Bibi wa mtaa wa Kikuyu
Wafundisheni na michezo yetu, wanangu. Ukuti ukuti na nyama nyama hazihitaji hela.

Mleta mada
Asanteni sana. Muuguzi, majaba yangu yana vifuniko lakini ndoo za jikoni hazina. Leo leo nashughulikia. Baba wa Kisasa, hilo la vitu viwili nalianza Ijumaa hii.

Limebaki moja. Kuanzia Juni upepo na vumbi vya Dodoma vinatutoa uani, na mmoja wa watoto ana pumu. Mnawafanyisha nini ndani?

Mama wa Nkuhungu
Maboksi, dada. Omba dukani yale makubwa ya biskuti na sabuni, uwaachie sebule. Wangu waliyapanga mstari wakawa na maduka, kila mmoja na boksi lake, na hela walikata kwenye magazeti.