Kifaransa cha mdomoni: mgeni akisema "shepa" anamaanisha nini?

Msangamkuu_Boti
Wakuu, naomba msaada kwa wanaokijua Kifaransa cha kuongea. Kitabu cha A2 (ngazi ya pili ya kujifunza lugha) kimekwisha na nyakati za vitenzi zimekaa. Lakini Wafaransa wakiongea wenyewe kwa wenyewe kwenye boti ya kwenda Kilwa Kisiwani, siambulii kitu. Nasikia "shepa", "yapa", "lö trük". Kamusi ndogo hazina. Nianzie wapi, na maneno yapi naweza kumtamkia mgeni bila kuonekana sina adabu?

Kandili
Kaka, anza na sauti, msamiati baadaye. Sehemu kubwa ya hayo unayajua tayari, ila yamemezwa.

"Ne" ya kukanusha inaanguka karibu kila mara. Kisha "je" (mimi) inapoteza irabu yake, na ikikutana na s, p, t, k au f inageuka kuwa "sh". Kwa hiyo *je ne sais pas* (sijui) inakuwa *j'sais pas*, na sikio linapata "shepa". *Je suis* (mimi ni) ni "shwi". *Tu as* (una) inabanwa kuwa *t'as* ("ta"), *il y a* (kuna) inabaki "ya", *il n'y a pas* (hakuna) ni "yapa", *il ne faut pas* (haifai) ni "fo pa", *parce que* (kwa sababu) ni "paske". Na "nous" (sisi) ya kufanya tendo ni nadra kuisikia. Wanasema *on*, na kitenzi kinafuata nafsi ya tatu umoja: *on mange* (tunakula), *on y va* (twende). Wengi wanakosea hapa kwa kusema *on mangeons*.

Sentensi ya kwenye boti maji yakianza kupwa: kitabu kitaandika *Il ne faut pas traîner, il n'y a plus beaucoup d'eau*. Utasikia *Faut pas traîner, y a plus beaucoup d'eau*: tusichelewe, maji yamebaki kidogo.

Hapo kuna mtego mkubwa. "Ne" ikishaondoka, kinachotofautisha "hakuna tena" na "kuna zaidi" ni s ya mwisho tu. *Y a plus d'essence* bila s (irabu ya *plus* itamke midomo kama ya "u", ulimi kama wa "i") maana yake petroli imeisha. S ikitamkwa, petroli ipo zaidi. Kwa mtu wa boti, hiyo si tofauti ya kupuuza. Ukiwa na shaka uliza: *Y en a encore ?* Ipo bado?

BibiKorosho
Nyongeza ya msamiati. "Trük" uliyoisikia ni *truc*: dude, kitu chochote ambacho jina lake halikuji mdomoni. Ndugu yake ni *machin*, nayo ndiyo nanihii yetu kabisa, hata mtu unaweza kumwita *Machin* jina likikupotea. Haya mawili jifunze leo.

Baada ya hapo: *boulot* ni kazi na *bosser* kuifanya, *bouffe* ni msosi, *bagnole* gari, *gosse* au *gamin* mtoto, *mec* jamaa, *bouquin* kitabu, *fringues* nguo, *flotte* maji au mvua. *Crevé* ni hoi kwa uchovu. *Moche* ni -baya wa sura, na *sympa* inasifu mtu, mahali, hata chakula cha mchana.

Sisi tuna bahati moja. Kifaransa cha mtaani kimechota maneno kwa Waarabu wa Afrika Kaskazini, na sisi tulichota kisima hichohicho. *Toubib* ni tabibu, *caoua* ni kahawa, *flouze* ni fulusi, na *avoir la baraka* ni kuwa na bahati, yaani una baraka. Mwanafunzi wa Ulaya anayakariri, wewe unayatambua tu.

Na ule mchezo wetu wa kinyume, nyumba kuwa "mbanyu", wao wanao pia. Wanauita *verlan*, ambalo lenyewe ni *l'envers* iliyopinduliwa. *Femme* (mwanamke) imezaa *meuf*, *fou* (kichaa) imezaa *ouf*, *louche* (wa kutia shaka) imezaa *chelou*, *lourd* (mzito, wa kukera) imezaa *relou*. Elewa ukiyasikia. Kuyasema subiri, maana kwa mtu mzima yanasikika kama lugha ya vijana.

Jahazi_la_Mikindani
Kuhusu adabu, ambalo ndilo swali lako la pili. Kwenye kamusi kubwa tazama alama. *Fam.* ni ya kawaida kati ya watu waliozoeana. *Vulg.* ni ya matusi: ielewe, usiitamke. Kwa mgeni anayelipa, *vous voulez bouffer ?* ni kosa, ingawa yeye mwenyewe amesema *bouffe* dakika mbili zilizopita. Wewe sema *manger* (kula). Salama tangu siku ya kwanza ni *ça marche* (sawa, tumekubaliana), *pas de souci* (hakuna shida), *c'est parti* mnapoanza safari, *super*, *sympa*.

Mitego ya hapa kwetu pwani: "nasikia joto" ni *j'ai chaud*. Ukisema *je suis chaud* umesema una ashiki, au uko tayari kwa jambo. Ukishiba usiseme *je suis plein*, sema *j'ai bien mangé*. Mgeni akionja pweza akasema *pas mal*, amempenda. Akisema *pas terrible*, hakumpenda, hata kama neno lenyewe linakuelekeza kwingine.

Kisha uliza mgeni katoka wapi. Kwa Mfaransa *déjeuner* ni chakula cha mchana na *dîner* cha usiku. Kwa mtu wa Québec au Ubelgiji *déjeuner* ni cha asubuhi, *dîner* cha mchana na *souper* cha usiku. Mpishi wako atawasha jiko saa isiyo yake! Taja saa kila mara, na kumbuka saa sita yetu ya mchana kwao ni *midi*. Bei nazo: Mkongo wa Kinshasa au Mrundi atakwambia *septante* (70) na *nonante* (90), Mfaransa atasema *soixante-dix* na *quatre-vingt-dix*.

Msangamkuu_Boti
Ahsanteni sana. Mazoezi je, kwa asiye na mwalimu? Na mgeni akiniambia *on peut se tutoyer*, yaani tuitane *tu* ya waliozoeana badala ya *vous* ya heshima?

Kandili
Jibu *avec plaisir* (kwa furaha), kisha hamia kwenye *tu* moja kwa moja, usichanganye na *vous* katika sentensi moja. Ruhusa hiyo ni ya huyo aliyeitoa. Mama yake mzee aliyekaa pembeni anabaki *vous*. Watoto waite *tu* tangu mwanzo.

Mazoezi: RFI (redio ya kimataifa ya Ufaransa) wana *Journal en français facile*, dakika 10, na maandishi yake yapo. Hicho ni Kifaransa safi, kinakunyoosha matamshi. Cha mtaani tafuta video za watu wanaohojiwa barabarani, zenye maandishi ya Kifaransa chini. Kata sekunde 30. Sikiliza mara tatu bila kusoma, andika ulichoambulia, ndipo ufungue maandishi. Mara nyingi aliyeandika amerudisha "ne" ambayo mdomo haukuisema, basi ikate kwa kalamu, kisha soma kwa sauti ukifuata mwendo wa msemaji. Kipande kimoja kwa siku kinatosha, na usihamie kingine kabla hujakisema chote bila kuangalia karatasi.