Kikundi cha VICOBA kinaweza kusaidia afya ya akili? (Uru, Moshi Vijijini)

Mama wa Uru
Habari za jioni wapendwa. Mimi ni katibu wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, ya kina mama. Tunakutana kila Jumatano: hisa, marejesho, sanduku linafungwa, kila mtu kwake. Lakini wenzangu wengi wamebeba mazito. Wapo wajane, wapo wenye watoto walioenda Dar na simu hawapigi. Mmoja kahawa yake imeivia mtini, hachumi. Nasikia kuna mafunzo ya vikundi ya kujenga matumaini, watu wanaandika mambo mema ya siku. Yanafaa kijijini, ambako wengine hawajui kuandika? Nawapenda hawa kina mama, nisaidieni.

Muuguzi Moshi
Yanafaa, dada, na kuandika si lazima. Utafiti wa zoezi hilo wa mwanasaikolojia Martin Seligman na wenzake wa Marekani ulitoka 2005: kila jioni, kwa wiki moja, mtu anaandika mambo matatu yaliyokwenda vizuri na sababu yake. Mimi naona nguvu iko kwenye sababu. Mama akisema "leo ndizi zimeuzika", aulizwe nani alimsaidia kuzifikisha barabarani. Hapo anaona ana watu. Waambiane wawili wawili kabla ya sanduku kufunguliwa. Hela zikishahesabiwa kila mtu anawahi kupika.

Ila mfiwa msimlazimishe kushukuru. Aseme uchungu wake kwanza, mumsikilize.

Na huyo wa kahawa asisubiri Jumatano. Kama hali chakula wala halali usingizi, msindikizeni zahanati, wakiona inabidi watamwandikia rufaa ya hospitali ya Mawenzi. Akigusia kujiua, ni siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake.

Baba Rombo
Kina baba msitusahau, tunaumia kimya kwenye pombe ya mbege. Uganda, vijiji vya Masaka na Rakai, 2002 walifanya vikundi vya wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito: wanaume kwao, wanawake kwao, mara moja kwa wiki, wiki 16. Ilikuwa tiba ya maongezi, si zoezi la shukrani, lakini walioongoza ni wenyeji waliofunzwa wiki mbili tu, na sonona ilipungua sana.

Mama wa Uru
Asanteni mno. Kesho asubuhi naenda kwa huyo wa kahawa na mwenyekiti. Muuguzi, siri tunailindaje? Huku neno linafika sokoni kabla yako.

Muuguzi Moshi
Iingizeni kwenye katiba ya kikundi, na faini yake, kama mnavyofanya kwa mchelewaji. Mwenye jambo zito asilazimishwe kulisema mbele ya wote, amwambie mmoja anayemwamini.