Sarafu za shaba zilizookotwa kwenye magofu mkoani Lindi: tuzisafishe?

Mkulima wa Kusini:
Ndugu zangu, nawasalimu. Baada ya masika, mdogo wangu aliokota sarafu chache kwenye kichaka chenye kuta zilizobomoka, nyuma ya shamba letu. Ni ndogo, nyembamba, zimeota kutu ya kijani, na mojawapo ina maandishi kama ya Kiarabu. Jirani anashauri tuzisugue kwa ndimu na majivu, na tayari amejitokeza mnunuzi. Naomba ushauri wenu.

Msoma Kale:
Tafadhali msizisugue. Huenda ni sarafu za masultani wa Kilwa, ambazo nyingi zilipigwa kwa shaba bila kuandikwa mwaka wala mji. Upande mmoja huwa na jina la sultani, kama vile Ali bin al-Hasan, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu yenye kina kimoja na jina hilo, yaani yanaishia kwa sauti ileile. Herufi hizo mara nyingi zimebaki ndani ya kutu yenyewe, kwa hiyo ndimu ikila kutu inakula na jina, na bila jina hakuna atakayeweza kusema ni ya sultani gani. Fungeni kila moja katika karatasi kavu.

Bint Pemba:
Naongeza kwamba mwandike pia zilipolala na zilikuwa pamoja na nini. Katika hazina ya Mtambwe Mkuu, Pemba, iliyopatikana mwaka 1984, kulikuwa na sarafu za fedha zaidi ya 2,000 zisizo na tarehe, na dinari chache zenye tarehe, za dhahabu, za Wafatimi (watawala wa Misri wa zama hizo), zilizokuwa pamoja nazo ndizo zilizosaidia kujua kwamba zilifukiwa karne ya 11 au baadaye kidogo. Kinyume chake, sarafu tano za Kilwa ziliokotwa na askari mwaka 1944 katika kisiwa cha Marchinbar, Australia, na mpaka leo wataalamu wanabishana zilifikaje huko.

Mwanasheria:
Kuhusu mnunuzi, mkatalieni. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na haviuzwi kiholela. Toeni taarifa kwa mkuu wa wilaya au Idara ya Mambo ya Kale, na msiendelee kuchimba.

Mkulima wa Kusini:
Nashukuruni sana. Mnunuzi tumemkatalia, na kesho tunakwenda wilayani na sarafu zikiwa na kutu yake.