Deilili: moja inadhoofika, nyingine majani matupu. Nifanyeje?

BiFuoni

Assalaam alaykum wanabustani. Nina maua yanaitwa deilili, yale yanayochanua asubuhi na ikifika magharibi yashasinyaa. Nimeyapanda uani kwangu Fuoni, mashina mawili ya aina mbali mbali.

Moja ni la rangi ya chungwa. Mizizi yake aliniletea wifi yangu anayeishi Uingereza. Mwanzo lilichipua vizuri likatoa na maua, lakini kila mwaka majani yanazidi kuwa membamba, na sasa limebaki kama mchaichai uliotafunwa na mbuzi. La pili ni la manjano, nilipewa na kijana anayetunza bustani ya hoteli huko Kiwengwa. Hilo limenawiri, majani yameiva kijani, lakini ua sijaliona hata la dawa.

Yote yako chini ya muembe ili jua lisiyachome. Maji nayapa kila asubuhi, na nikipata mbolea ya kuku natia. Shoga zangu wananambia hizo ni nyinyoro tu, ning'oe nipande asumini. Naombeni ushauri.

MzeeKitalu_Kinuni

Waalaykum salaam bibie. Shoga zako waambie wachimbe kwanza ndio waseme. Nyinyoro chini yake utakuta kitunguu. Deilili haina kitunguu, ina mizizi minene iliyovimba vimba, na majani yake yamejipanga safu mbili, huku na huku, bapa. Ukishaona hivyo hubishani na mtu.

Hilo la manjano halina ugonjwa wowote. Lina kivuli na lina shibe. Deilili inataka jua la wazi si chini ya saa sita kwa siku, na chini ya muembe uliokomaa hupati hata mbili. Halafu mbolea ya kuku ni kali, ina naitrojeni nyingi, na naitrojeni ikizidi mmea unajenga majani tu. Kwa nini uhangaike kutoa maua na chakula kipo mezani? Lihamishe, acha ya kuku, tia samadi ya ng'ombe iliyooza sawasawa, ile isiyonuka tena. Mengine mwachie Mungu na jua.

La chungwa ndilo la kusikitikia. Maua haya asili yake Asia ya mashariki: Uchina, Japani, Korea. Yako makundi. Kuna yanayokaa kijani mwaka mzima, na kuna yanayokufa majani wakati wa baridi, yakalala chini ya ardhi mpaka baridi imalizike. Lile la chungwa linaloota kando ya barabara huko Ulaya ni katika hayo ya kulala. Sasa hapa kwetu litalala lini? Usiku wa Agosti, kusi linavuma, watu wanajifunika shuka, bado ni nyuzi joto 20 na kitu. Mmea uliozoea kulala ukikosa usingizi unakula akiba ya mizizi yake mwaka hadi mwaka, na huo wembamba unaouona ndio akiba inakwisha. Huna ulichokosa kulifanyia. Hapa si pake.

Mtu akitaka deilili Unguja au Pemba atafute zile za kijani mwaka mzima, na akiuliza muuzaji aulize hilo kabla ya kuuliza rangi.

BiFuoni

Ahsante sana mzee wangu. Na nikiitia mizizi ya lile la chungwa kwenye friji mwezi mmoja miwili, halitadhani ni baridi ya Ulaya?

MzeeKitalu_Kinuni

Friji weka samaki bibie. Najua wapo wanaofanya hivyo kwa vitunguu vya tulipu, lakini kitunguu kina maganda ya kujihifadhi. Hii ni mizizi yenye nyama, uchi. Ikiwa haikukauka itaoza, na hata ikisalimika, mwakani uifanye tena, na mwaka wa pili yake tena. Ua gani hilo la kulipia umeme?

Sanga_la_Kusini

Mie niko Makunduchi, kwetu chini ni mawe. Ukipiga jembe linalia. Deilili nnazo, za manjano na moja ya damu ya mzee, na hakuna hata moja iliyo ardhini. Zimo kwenye karai lililotoboka na ndoo za rangi, nimetoboa matundu chini.

Sababu ni chokaa. Ardhi yetu ya uwanda inatokana na matumbawe, na mmea huu unapenda udongo wenye uchachu kidogo. Ukiupanda kwenye chokaa majani yanakuwa manjano na mishipa inabaki kijani, kwa sababu madini ya chuma yamo ardhini lakini mizizi haiwezi kuyachukua. Watu wakiona vile wanadhani njaa, wanaongeza mbolea, hali haibadiliki. Mie naagizia udongo mwekundu wa mashamba, nachanganya na samadi na makumbi ya nazi yaliyopasuliwa. Makumbi yaoshwe kwanza kwa maji ya mvua, hasa yakiwa yalilowekwa pwani, chumvi yake si mchezo. Kisima chako kikiwa na chumvi pia, usimwagilie.

Hiyo damu ya mzee naiweka upande wa mashariki wa nyumba. Rangi nzito zinaungua jua la mchana, ua linalegea saa nane likawa kama halikuwahi kuwa ua. Za manjano zinastahamili.

MzeeKitalu_Kinuni

Maneno ya Makunduchi ni sahihi. Fuoni kwako bibie udongo una afadhali, ila angalia maji yasituame.

Kuhusu kupanda. Ngojea masika yamalizike, mwezi wa sita hivi, ardhi bado ina unyevu na jua si kali. Vuli inapoanza pia si vibaya. Usihamishe Januari na Februari kwa lile joto la kaskazi, wala katikati ya mvua za Aprili. Chimbua shina zima na udongo wake, lioshe, utaona linaachana lenyewe vipande vipande, kila kipande na majani yake na mizizi yake. Likigoma tumia kisu. Majani yakate yabaki kiasi cha shibiri, yasije yakanyonya maji ambayo mizizi haijaweza kuyaleta. Kivulini siku mbili jeraha likauke, ndio upande.

Sasa hapa watu wengi ndipo wanapoua mmea: wanafukia sana. Pale majani yanapokutana na mizizi, shingo yake, ikae chini ya udongo sentimita 2 hadi 3, basi. Ukizamisha zaidi kwa joto letu na mvua zetu, shingo inaoza, unavuta jani linakuja mkononi na linanuka. Baina ya shina na shina acha kama sentimita 50, maana yatanenepa, na baada ya miaka mitatu minne yatasongamana utagawa tena.

Halafu usilitegemee ua. Kila ua ni la siku moja. Faida yake ni kuwa ubua mmoja una vichomozi vingi, yaani maua ambayo hayajachanua, na vinapokezana, kwa hivyo shina zuri hukupa maua wiki kadhaa. Mengi hayana harufu ya maana, kikubani, kile kishada cha maua ya kunukia wanachojipamba wanawake, hayaingii. Mie kama si wateja wa mahoteli ningekwambia panda kilua, ua letu la kunukia, maana kilua kinapotea na hakuna anayekililia.

MamaWete

Salaam kutoka Pemba. Mzee kasahau kutu. Huku kwetu mvua ni nyingi, na shina langu moja lilitoka madoa ya manjano juu ya jani, ukiligeuza chini kuna unga wa chungwa unaopaka vidole. Hiyo ni kuvu, inapeperuka kwa upepo. Nilikata majani yote yaliyoguswa nikayachoma moto, nikaacha kumwagilia juu ya majani, sasa natia maji chini tu, asubuhi. Yamechipua upya safi.

Na kama kuna mwenye paka, tahadhari. Deilili ni sumu kwa paka, inaharibu mafigo. Mtu haimdhuru, Wachina hata wanakausha vichomozi vyake wakatia kwenye supu. Lakini msije mkajaribu na nyinyoro mkidhani ni ndugu, nyinyoro ina sumu kwa mtu pia.

MzeeKitalu_Kinuni

Ahsante Mama Wete, kutu ni kweli. Na hiyo ndiyo sababu nataka kumwambia BiFuoni, kwa wema: mizizi ya nje ya nchi haifai kuja ndani ya begi la nguo. Ipite kwa wakaguzi wa mimea ikiwa na cheti chake. Kutu hiyo hiyo Marekani hawakuijua, ilionekana huko mwaka 2000 na ikasambaa kwa miche ya kuuziana. Wifi akija tena akuletee chokleti.

BiFuoni

Wifi nshampelekea ujumbe huu, anacheka! La manjano ntalihamishia mbele ya nyumba karibu na ukuta wa jua, mwezi wa sita inshallah. La chungwa ntaliacha lilipo mpaka lichoke lenyewe, sina moyo wa kuling'oa. Nna paka watatu wanaolala hapo hapo uani, Mama Wete umenitisha. Nizungushie waya au?

MamaWete

Waya wa kuku unatosha shoga, ila uwe wa matundu madogo na uwe mrefu kuliko paka anavyoruka. Mie nimeishia kuyaweka juu ya sakafu ya dari.

Sanga_la_Kusini

BiFuoni ukigawa hilo la manjano nibakishie kipande kimoja. Kinuni bei zimepanda.

MzeeKitalu_Kinuni

Zimepanda kwako wewe, unayekuja na ndoo zilizotoboka kuomba udongo.