Vijana wa mbio wazuiwe kuja mazoezini kwa baiskeli?

Wadau wa riadha Dodoma, hebu tulijadili hili bila kuoneana haya. Kuna klabu hapa mjini imewaambia vijana wake: ukija kwa baiskeli, hukimbii. Hoja ya kocha ni kwamba baiskeli inaharibu mbio. Mimi napinga.

Juzi nilimtazama binti anayetoka Ihumwa. Kaegemeza baiskeli ukutani, ndala kwenye keria, grisi ya cheni imemchafua shavu la mguu, akaingia moja kwa moja kwenye mita 5,000. Mizunguko mitatu ya kwanza hatua zilikuwa fupi, za harakaharaka, kiuno kimeinama kama bado kashika usukani. Wa nne mgongo ukanyooka, hatua zikafunguka.

Miguu ilikuwa bado na mdundo wa pedeli. Ukikanyaga upesi, hatua za mwanzo nazo zinakuja upesi. Paja limeshachoka na pumzi iko juu, kwa hiyo mwendo uleule unakula nguvu zaidi. Watu wa triathloni wanalijua hili vizuri. Mchezo wao uliingia Olimpiki Sydney mwaka 2000: kuogelea kilomita 1.5, baiskeli 40, kukimbia 10. Wanajizoeza kushuka na kukimbia papo hapo, na waliobobea hatua zao hazibadiliki sana.

— Kaka, kwao baiskeli ni sehemu ya mchezo. Hawa wetu ni wakimbiaji tu. Simbu, mtoto wa Singida hapo jirani, kachukua dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo 2025 kwa tofauti ya sekunde 0.03. Hapo mguu uliochoka umekunyima dhahabu.

— Siku ya mashindano nakubali kabisa: apande daladala, klabu imlipie. Ninachokataa ni kumpima kijana kwa saa, dakika mbili tu baada ya kushuka kwenye baiskeli, halafu aambiwe hana kipaji. Aegeshe, anyooshe nyonga, akimbie taratibu robo saa, ndipo apimwe.

— Mimi ni mzazi, nipo Veyula. Nauli ya kwenda na kurudi siku tano kwa wiki siimudu. Mkimkataza baiskeli mmemkataza mbio. Kocha wetu, kwa heshima zote, umewahi kumpima mtoto mmoja siku aliyokuja kwa baiskeli, ukampima tena siku amekuja kapumzika? Tuwekee nyakati zote mbili hapa tuzione.