MJADALA: Mgodi umefungwa, ardhi imefukiwa na kusawazishwa, mvua imechimba makorongo. Kampuni iongezewe muda wa kuyaziba au ibanwe?

Wakuu habarini, hili naomba tulijadili kwa hoja. Kuna wanaosema kuongeza muda ni kuwabembeleza matajiri, mwisho wa siku korongo linabaki pale pale. Msimamo wangu: muda uongezwe kwa sababu ya hali ya hewa tu, na anayeongezewa asiruhusiwe kukaa mikono mitupu akisubiri kiangazi.

Nachukua mfano wa makaa ya mawe Marekani maana wenzetu wameyaandika haya mpaka kwenye kanuni. Tangu 1977, Rais Carter aliposaini sheria ya migodi ya juu ya ardhi, ukimaliza kuchimba unasawazisha, unarudisha udongo wa juu, unapanda, na vifereji au makorongo yakitokea yakaharibu mimea au kuchafua mto unayajaza na kupanda upya. Jukumu la mimea linabaki kwa kampuni miaka 5 kwenye maeneo ya mvua, miaka 10 kwenye ukame, na dhamana, yaani pesa ambayo kampuni inaiweka rehani kwa ajili ya ukarabati, haiachiwi yote kabla ya hapo. Inspekta akikuta kosa anaandika notisi, na muda wa kurekebisha pamoja na nyongeza zote haupaswi kuzidi siku 90. Kuzidi hapo lazima uwe na sababu iliyotajwa, mfano amri ya mahakama, mgomo wa wafanyakazi, au hali ya hewa, na kampuni ndo inayotakiwa kuthibitisha, sio serikali. Sasa angalieni vizuri, "hatuna hela" haimo kwenye ile orodha.

Hiyo ya hali ya hewa naiunga mkono kabisa. Ukipeleka katapila kwenye udongo uliolowa unaushindilia, ukishashindiliwa maji hayazami tena, yanateleza juu kwa kasi na kuchimba upya, yaani umetengeneza korongo jingine kwa mafuta yako mwenyewe. Na mbegu ukizimwaga Januari milima ya West Virginia imeganda hazioti. Anayeng'ang'ania siku 90 ni 90 hata kwenye barafu anataka makaratasi yakae sawa, mlima haumhusu.

Lakini hapa ndo watu wanapopigwa. Kampuni inapewa nyongeza, inaondoa mitambo, inarudi baada ya miezi, na kifereji ambacho ungekijaza kwa koleo sasa kinataka malori ya udongo, halafu ule uliotoka umeshaenda kwenye kijito na wanaoishi bondeni ndo wanaoishi na tope. Kuna kazi haihitaji ardhi kavu: kuchepusha maji pale juu yanapoanzia kabla hayajaingia korongoni, kupanga mawe, kuweka marobota ya majani makavu, kufunika udongo ulio wazi. Hizo zianze wiki ile ile nyongeza inapotolewa, na inspekta aende akaone kwa macho, asitumiwe picha.

La pili ni hela. Julai 2019 kampuni ya Blackjewel ilifilisika, wachimbaji wa Harlan kule Kentucky wakakaa kwenye reli kuzuia treni ya makaa wakidai mishahara yao. Kampuni iliyofika hapo, mtu aliyekuwa kazini jana hajalipwa, nani atakumbuka korongo la mlimani? Kwa hiyo kila nyongeza iende na ukaguzi wa dhamana, kama gharama ya ukarabati imepanda na dhamana ipande, tena siku hiyo hiyo, maana kampuni ikishakufa anayebaki na bili ni mwananchi.

Na msiseme haya ni ya Wamarekani. Kwale uchimbaji wa titani ulikoma Desemba 2024, na sheria ya madini ya Kenya ya 2016 inadai dhamana ya mazingira. Ardhi iliyochimbuliwa ikarudishwa haishikani kama ile ya mwanzo, na masika ya Pwani mnayajua yanavyoshuka. Maombi ya "tuongezeeni kidogo" hayakosekani popote mgodi unapofungwa, bora tujue mapema tutadai nini.

Sasa nyie mnaosema muda uongezwe bila masharti, naomba jibu moja tu: hiyo miezi mnayowapa, maji ya kule juu yatakuwa yanapita wapi, na nani anawalipa waliopo chini?