Naomba ushauri: rejimenti niiweke wapi kwenye mchoro wa ngazi za jeshi?

Wakuu, salamu kutoka Nairobi. Nachora ubao wa maonyesho kuhusu Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyopigana Burma kwenye Vita Kuu ya Pili. Ngazi za mtindo wa Kiingereza ziko sawa: seksheni ya watu 8 hadi 10 chini ya koplo, platuni ya 30 hivi chini ya luteni, kombania ya 100 na ushei chini ya meja, batalioni ya 600 hadi 800 kwa luteni kanali, kisha brigedi na divisheni.

Kinachonikwamisha ni rejimenti. King's African Rifles (askari wa kikoloni wa Afrika Mashariki) ni rejimenti, lakini batalioni zake ziligawanywa kwenye brigedi tofauti. Yaani ni ukoo, si ngazi. Upande wa mizinga, rejimenti inalingana na batalioni, na bateri (kikosi cha mizinga kadhaa) inalingana na kombania. Je, niitenge pembeni kwa rangi yake?

La pili: nikizidisha platuni tatu kwa 30 nakosa makao makuu ya kombania, na kwenye batalioni pengo linakuwa kubwa zaidi: wapishi, madereva, watu wa mawasiliano, wapiga mota (mizinga midogo). Niwachoree kisanduku chao, au niandike jumla tu? Wanaotazama wengi ni wanafunzi.